Ofa ya Mwisho ya Tolliver

Asubuhi ya Jumatatu, wiki ya pili ya Machi, Noreen Thackray alikaa kwenye meza ya jikoni, akakusanya makombo ya mkate kwa kiganja, akafungua simu na kujaribu kuweka dau la pauni ishirini na tano. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha kampuni ikamjibu kwamba dau la juu analoruhusiwa ni peni kumi na nne.

Peni kumi na nne. Kwa hela hiyo hata pipi moja hupati pale dukani kwenye kona.

Akalivuta daftari lake, lile lenye jalada la maua ya zambarau, akapiga mstari juu ya jina la kampuni ile. Lilikuwa jina la ishirini na tatu, na lilikuwa la mwisho. Ukurasa mzima sasa ulikuwa mistari mitupu, kama orodha ya manunuzi ya mtu aliyemaliza soko. Tofauti ni kwamba mtu wa sokoni anarudi na kikapu.

Kwa miaka minne Noreen alikuwa akila kwenye mikono ya kampuni za kubeti bila kubeti. Ukimwambia mtu hivyo anadhani unamtania, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kampuni inakupa beti ya bure ili ikuvute ndani. Wewe unaichukua beti ile unamwekea farasi fulani kwamba atashinda. Papo hapo unakwenda kwenye soko jingine, ambako watu wanabeti wao kwa wao, unamkataa farasi yuleyule: unaweka dau kwamba hatashinda. Akishinda, huku unapata na kule unalipa. Asiposhinda, kule unapata na huku hujapoteza chochote, maana beti ilikuwa ya bure. Vyovyote iwavyo, inabaki ileile zawadi ya kampuni imepungua kidogo tu. Ni kazi ya kukokotoa na kuwa makini, na Noreen, aliyegawa chakula cha shule kwa watoto mia tatu kila siku kwa miaka ishirini na sita bila kukosea hesabu ya viazi, alikuwa makini.

Shida ni kwamba kampuni hazipendi watu makini. Zinataka wajinga. Kwa hiyo lazima ujifanye mjinga. Jirani yake, Pauline Ogden, ndiye aliyemfundisha: usiweke pauni tisa na peni sabini na tatu, weka kumi, mara mojamoja beti timu kubwa Jumamosi kama mlevi, ukishinda usikimbilie kutoa pesa. Noreen alitafuta mjinga wa kumwiga na hakwenda mbali. Alikuwa naye sebuleni, kwenye kiti cha kuegemea, na mito mitatu mgongoni.

Desmond, mumewe, alikuwa akibeti pauni kumi kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja, mkeka wa timu tano, na mkeka ule ulikuwa umeshinda mara mbili tu tangu aanze. Noreen alimsoma kama mtu anavyosoma maelekezo ya kufuma sweta. Aliiga saa anazobeti, timu anazopenda, hata ile tabia yake ya kuongeza pauni mbili za hasira dakika ya mwisho. Lakini wapi. Moja baada ya nyingine, kampuni zilimnusa na kumbana. Walijuaje, hakuna aliyejua. Pauline mwenyewe alikuwa ameshanyoosha mikono tangu Krismasi, akasema kisima kimekauka, na sasa alikuwa anafuma kofia za watoto wachanga na kuziuza kanisani.

Noreen hakuweza kunyoosha mikono, kwa sababu ya karavani.

Ilikuwa ile nyumba ya bati yenye magurudumu ambayo haijawahi kwenda popote, kule Withernsea kando ya bahari, kwenye kambi ya Bi Lorraine Jessop. Ilikuwa na miaka kumi na saba, mapazia yake yalikuwa yamepauka, na mlango wa choo ulihitaji goti ndipo ufunge. Desmond alifanya kazi kiwanda cha vioo miaka thelathini na mmoja, na kifua chake kilibaki hukohuko kiwandani. Nyumbani Mexborough, yenye ukungu ukutani nyuma ya kabati hata upake rangi gani, alilala ameketi, anakoroma na kukohoa mpaka sahani zinalia kabatini. Withernsea alilala chali. Noreen hakuwa na maelezo ya kidaktari. Alijua tu kwamba kuanzia Aprili hadi Oktoba mumewe hulala chali kama watu, na anaamka na rangi usoni.

Ada ya eneo ilikuwa kubwa, na ofa zilikuwa zimeilipa miaka yote hiyo. Mwaka huu alikuwa ameilipa kidogokidogo wakati wa baridi, zikabaki pauni mia nne, na mwisho wa kulipa ni Jumatatu inayofuata. Kwenye lile soko la kukataa farasi alikuwa na mia mbili na hamsini. Zilipungua mia na hamsini. Na Bi Jessop alikuwa na sheria yake: karavani iliyopita miaka kumi na mitano inakaa pale mradi ada haijakatika. Ikikatika siku moja, inaondolewa, na hakuna kambi nyingine pwani yote ile inayopokea karavani kuukuu. Bi Jessop hakuwa mkali. Aliyasema hayo kila mwaka akitabasamu na kumpa mtu biskuti.

Simu ikalia meseji. Haikuwa ya Noreen. Ilikuwa ya Desmond, na Desmond akaisoma kwa sauti kutoka sebuleni, kama anavyosoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye chupa ya mchuzi. Kampuni ya Tolliver ilikuwa inamshukuru mteja wake mpendwa, na kwa ajili ya wiki ya mashindano ya farasi ya Cheltenham ingempa beti ya bure ya pauni hamsini kila siku, Jumanne mpaka Ijumaa. Siku nne.

Noreen aliweka kikombe chini taratibu sana.

Hamsini za bure, zikifanyiwa kazi vizuri, huzaa kama thelathini na nane. Mara nne. Alihesabu kwenye pembe ya gazeti, akahesabu tena, ikaja mia na hamsini na mbili na ushee. Miaka minne alikuwa amejifanya mjinga asubuhi na jioni akatupwa nje na kampuni ishirini na tatu, na mjinga wa asili, ambaye hakujifanya chochote, alikuwa anabembelezwa kwa mia mbili.

Desmond alikubali kusaidia, lakini alikubali kwa masharti ya mwanamume aliyealikwa yeye na si mkewe. Simu ni yake, akaunti ni yake, kidole kitakachobonyeza ni chake. Noreen naye alikuwa na masharti. Tolliver walikuwa wamembana yeye tangu mwaka wa kwanza. Wakiona akaunti ya Desmond inatumia intaneti ya nyumba ileile, watajua. Kwa hiyo Desmond azime intaneti ya nyumbani kwenye simu yake, atumie bando lake mwenyewe, na kwa kuwa ndani ya nyumba yao mtandao wa simu haukamati, abeti nje, uani, pale penye mapipa ya taka, ambapo unakamata vizuri kidogo. Akishaweka, apige kelele "tayari" dirishani, na Noreen, jikoni na simu yake, amkatae farasi yuleyule sokoni.

"Kwa hiyo mimi nasimama na mapipa," Desmond alisema.

"Unasimama na mapipa."

"Kwenye baridi. Na kifua changu."

"Vaa koti, mzee. Ni dakika mbili."

Jumanne ilikwenda vizuri. Noreen alichagua farasi, si kwa kumpenda, bali kwa sababu bei zake za pande mbili zilikuwa zimekaribiana. Desmond akatoka na koti, skafu na kofia ya sufu, akasimama katikati ya pipa la kijani na pipa la kahawia, akapiga kelele. Farasi akashindwa. Sokoni zikaingia thelathini na nane na peni arobaini. Noreen hakutazama hata mbio zenyewe. Alikuwa anamenya karoti.

Jumatano ikaingia thelathini na saba na kitu. Lakini Jumatano ndiyo iliyoharibu mambo, na Noreen hakujua. Katika mbio zile Desmond alikuwa na farasi wake moyoni, jike mweusi ambaye bei yake ilikuwa kumi na nne kwa moja, na yule jike akashinda kwa urefu wa mabasi matatu. Desmond akazima televisheni. Wakati wa chakula, nyama ya kopo iliyopikwa na viazi, ambayo kwa kawaida huiomba tena, alisogeza sahani. Akasema kwamba kama angeachiwa, leo wangekuwa na mia saba. Noreen akamwambia kwamba kama angeachiwa, kwa miaka kumi na moja wangekuwa na nini? Akajibu kwamba yeye anazungumzia leo. Noreen akasema hawachagui mshindi, Des, hawatafuti mshindi, kazi yote ni kutotafuta mshindi, amemweleza mara nane. Desmond akasema ameelewa. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajaelewa na wala hana mpango.

Alhamisi farasi alikuwa Lantern Hill. Noreen aliliandika jina kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, akampa. Desmond akavaa koti, skafu, kofia, akatoka. Alikaa nje muda mrefu kidogo. Kisha akapiga kelele "tayari," na Noreen akamkataa Lantern Hill sokoni, kama kawaida. Soko likazuia pauni mia mbili na kumi na moja kati ya zile zake, likazishika kama rehani: Lantern Hill akishinda, zinakwenda. Hilo halikumtisha. Lantern Hill akishinda, Tolliver watamlipa Desmond mia mbili na hamsini, na mambo yanalingana.

Akarudi kwenye kuosha vyombo. Sebuleni mbio zikaanza, na sauti ya mtangazaji ikapanda kama kawaida yao, na juu yake ikapanda sauti ya Desmond.

"Haya, Pettigrew. Haya, mwanangu. Tulia. Tulia, usiruke mapema."

Noreen alisimama na sahani mkononi, maji yanadondoka kwenye slipa. Akafikiri labda ni jina la mpanda farasi. Akaenda mpaka mlangoni.

"Unamshangilia nani wewe?"

Desmond hakugeuka. "Mister Pettigrew. Yule mwenye kitambaa cha njano."

"Na Lantern Hill?"

"Lantern Hill anapandwa na yule bwana aliyeniharibia mkeka wangu wa farasi mwaka ule. Siwezi kumpa hela yangu, Noreen. Kuna vitu mtu hawezi."

Kwenye kioo, farasi wa kwanza kabisa, mbele ya wenzake wote, miguu imekunjuka vizuri kama amezaliwa kwa ajili ya mteremko ule, alikuwa Lantern Hill.

Noreen hakukaa. Aliegemea mlango na sahani yake. Kwa miaka minne hajawahi kutaka kitu chochote kutoka kwa farasi. Walikuwa kwake tarakimu zenye majina. Sasa alimtazama mnyama yule wa watu, mzuri, asiye na kosa, na kutoka ndani kabisa ya moyo wake akamtakia akwame. Aliona mia mbili na kumi na moja zikipanda naye kilima cha mwisho. Aliona Bi Jessop na sahani ya biskuti. Aliona lori la kuvuta karavani likirudi nyuma, linalia pii, pii, pii, kwenye majani yao. Desmond alikuwa anampigia kelele Pettigrew ambaye alikuwa wa sita na amechoka.

Kikwazo cha mwisho, Lantern Hill akaruka vizuri. Halafu kutoka pembeni akaja farasi ambaye Noreen hakuwahi hata kumsikia, kahawia, mwenye paji jeupe, akamkamata mita hamsini kabla ya mwisho, akampita kwa shingo. Lantern Hill wa pili. Mister Pettigrew wa nne.

Simu ya Noreen ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Alikuwa amemkataa Lantern Hill, na Lantern Hill hakushinda, basi soko likamlipa. Thelathini na nane na peni arobaini. Ileile ambayo angepata kama kila kitu kingekwenda sawa.

Desmond aliposikia akapumua, akaegemea mito yake. Akataka kujua, basi, tatizo liko wapi. Hela imeingia ileile. Pettigrew au Lantern Hill, hela ileile. Kumbe haijalishi anamwekea nani, na yeye amesimama na mapipa siku tatu akishika karatasi kama mtoto aliyetumwa dukani.

Noreen aliiweka sahani juu ya televisheni, mahali ambapo hajawahi kuweka sahani maishani mwake.

"Des. Kama yule wa paji jeupe asingekuja, leo ningepoteza mia mbili na kumi na moja."

"Za nani?"

"Zangu. Za sokoni."

"Si ni hela za mchezo hizo?"

"Ni hela za karavani."

Desmond alimtazama. Ndipo Noreen alipoona kosa lake yeye, na likamchoma kuliko la mumewe. Hakuwa amemwambia. Miaka minne alimwambia tu kwamba ada imelipwa, asijali, akae vizuri na kifua chake. Hakuwahi kumwambia ada inatoka wapi, wala kwamba mwaka huu haijatimia, wala kwamba zile fedha alizoziweka rehani mbele ya farasi wa watu ndizo zilezile za eneo lao. Alidhani anamwepusha na wasiwasi. Kumbe alimtuma nje kwenye baridi akashike kitu chenye thamani bila kumwambia ni nini.

Akamweleza. Alimweleza akiwa amesimama, yote: kampuni ishirini na tatu, peni kumi na nne, sheria ya miaka kumi na mitano, Jumatatu. Desmond alisikiliza akikunjakunja pembe ya skafu. Noreen alipomaliza, Desmond aliuliza jambo moja tu, nalo halikuwa la hesabu.

"Wangeiondoa lini?"

"Mwezi huu."

"Aprili nisingelala, basi."

"Usingelala."

Alikohoa kidogo, kisha sana, mpaka Noreen akamletea maji. Baada ya hapo akasema, bila kumwangalia, kwamba angeambiwa tangu mwanzo asingemgusa Pettigrew. Noreen akasema anajua. Desmond akasema lakini yule bwana mpanda farasi bado ni takataka. Noreen akasema hilo nalo waliache.

Ijumaa Noreen hakubaki jikoni. Alivaa koti, akaacha simu yake ndani mezani, ukurasa wa soko ukiwa wazi na farasi ameshatafutwa, akatoka kusimama na mumewe katikati ya mapipa. Upepo ulikuwa mkali, na pipa la kahawia lilinuka maganda ya vitunguu ya tangu Jumapili. Desmond alivaa miwani. Akasoma jina la farasi kutoka kwenye karatasi, Sister Agatha, kisha akalisoma kutoka kwenye simu, neno kwa neno, kidole chini ya kila herufi kama yuko darasa la kwanza. Noreen alitaka kumnyang'anya simu. Bei zilikuwa zinabadilika. Alijizuia kwa kushika kifuniko cha pipa.

"Ni yeye?" Desmond aliuliza.

"Ni yeye."

"Una hakika? Maana kuna Sister mwingine hapa chini, Sister Ruth."

"Agatha, Des. Agatha. Bonyeza."

Akabonyeza. Kiduara kikazunguka. Tolliver wakakubali. Noreen akakimbia ndani kwa slipa, akamkataa Sister Agatha kwa bei ambayo, kwa ajili ya ile sherehe ya kusoma, ilikuwa imeharibika kidogo, si sana. Aliporudi dirishani Desmond alikuwa bado nje, simu machoni. Akamwuliza kwa ishara, nini tena. Desmond akafungua mlango, akasema kwa adabu zote kwamba amebakiwa na pauni moja yake mwenyewe kwenye akaunti, si ya karavani, ni ya kwake, na je, anaruhusiwa. Kuna farasi.

Noreen alimwambia afanye anavyotaka.

Walitazama mbio zile pamoja, kitu ambacho hawakuwahi kufanya, kila mmoja na kikombe chake. Farasi wa Desmond aliangusha mpandaji kwenye kikwazo cha kwanza kabisa, akaendelea kukimbia peke yake kwa raha zake. Sister Agatha alimaliza wa saba. Sokoni zikaingia thelathini na saba, na jumla ikafika mia nne na pauni moja na peni chache. Noreen hakungoja Jumatatu. Alizitoa siku ileile, na Jumatatu asubuhi zilipofika benki akampigia Bi Jessop, akalipa zote, akaomba risiti isomwe simuni namba kwa namba. Bi Jessop akacheka, akasema karavani yao amekwisha kuiosha.

Walikwenda wiki ya pili ya Aprili. Siku ya tatu, wamekaa kwenye viti vya kukunja na chipsi zao, meseji ikaingia kwenye simu ya Desmond, naye akaisoma kwa sauti mpaka jirani wa karavani ya pili akasimamisha ufagio. Kampuni ya Tolliver ilikuwa imepitia akaunti yake. Kuanzia leo hatapata ofa tena za aina yoyote, na dau lake la juu litakuwa na kikomo.

Noreen alifumba macho. Alijua itakuja, na bado ilimkata. Hii ilikuwa akaunti ya ishirini na nne kubanwa. Hakukuwa na ya ishirini na tano.

Alipofumbua, Desmond alikuwa amesimama. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyevalishwa medali. Alikuwa anamweleza jirani, ambaye hakuuliza, kwamba kampuni inambana mtu pale tu inapomwogopa, kwamba ukishakuwa na jicho la farasi kwa miaka kumi na moja lazima mwishowe wakuone, na kwamba yeye hana kinyongo. Akamwonyesha meseji. Alipomaliza na jirani akaenda kumwonyesha mwenye mbwa wa karavani ya kona. Kisha akashuka mpaka ofisini kwa Bi Jessop, akimpungia Noreen mkono njiani.

Chipsi zake zikapoa. Noreen akazila.

Alirudi baada ya nusu saa, na biskuti mbili kwenye kitambaa, moja ya Noreen. Alisema Bi Jessop amefurahi sana kusikia, akampongeza, akasema hajawahi kuwa na mtu wa namna hiyo kambini. Noreen akauliza kama Bi Jessop alisema kingine. Desmond akafikiri. Ndiyo, alisema kuna karatasi imebandikwa ofisini kuhusu mwakani.

"Imeandikwa nini?"

"Ada inapanda mia mbili. Lakini alisema kwa mtu kama mimi, hiyo si kitu."

Noreen akaimega biskuti yake. Aliyafikiria yote ambayo angeweza kusema. Yalikuwa mengi na yalikuwa yamepangika vizuri, kuanzia mjinga aliyekuwa akimwiga kwa miaka minne mpaka bwana wa Lantern Hill. Aliyarudisha yote alikoyatoa. Akamwuliza tu kama amekunywa dawa yake ya mchana.

Alikuwa hajanywa. Akanywa, akaingia ndani, akafunga mlango wa choo kwa goti, akatoka, akajitupa kitandani na viatu. Baada ya dakika kumi Noreen alichungulia dirishani. Alikuwa amelala chali kabisa, mto mmoja, mdomo wazi, simu imeshikwa kifuani kwa mikono miwili, na pumzi yake ilikuwa inaingia na kutoka bila kukwaruza mahali popote.

Redio yao ilikuwa inaimba kwenye ngazi za karavani. Noreen akaizima asimwamshe. Akaiwasha tena, maana alistahili kuamshwa. Kisha akaizima, akavuta kiti karibu na mlango, akaanza kufikiria mia mbili za mwakani.